Kaza Mpaka Mshipa Unyamaze

Fundi cherehani alikutana na nesi siku sindano ya cherehani ilipomtoboa kidole na kuvunjikia humohumo. Chumba cha dharura kilikuwa kimefurika watu mpaka mlangoni, na yeye, mwanaume mzima na ndevu zake, alifumba macho.

"Kaka, hata sijakugusa," alisema nesi, gauni lake jeupe likinukia sabuni na dawa.

"Najiandaa, dada."

Nesi akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza fundi.

Mapenzi yakanoga. Kisha zikaanza simu. Ikilia, nesi anatoka nje, ananong'ona: "Ndiyo, Kapteni. Nitakuwa tayari." Fundi alikabwa na wivu hadi chakula hakipiti.

"Huyo Kapteni ni nani kwako?"

"Mkuu wangu mpya, mpenzi. Nimejiunga na jeshi. Nitatibu majeruhi mstari wa mbele."

Fundi akatamani angeambiwa ni mwanaume mwingine. Mwanaume angeshindana naye; risasi utashindana nayo vipi? Akanuna, simu za nesi akawa hapokei, na usingizi ukamhama.

Siku moja kabla ya safari, nesi alimfuata kazini akiwa na buti mpya za jeshi.

"Wagonjwa wa hospitali hawakutoshi?" fundi aliuliza bila kuinua macho.

"Huku nikikosekana, wenzangu wapo. Kule watu wanakufa kwa kukosa mtu wa kuzuia damu tu."

"Na ukipigwa wewe, nani atakuzuia damu?"

Nesi alitoa mkanda mweusi wa kuzuia damu, wenye kijiti cha kukazia, akauvaa juu ya kiwiko. "Nikaze. Nataka niujue uchungu wake kabla sijamfunga mtu."

Fundi akazungusha kijiti. Nesi alipokunja uso tu, akaacha.

"Mshipa bado unapiga. Ukinihurumia hapo, nimekufa."

Akashika tena, machozi yakimtoka bila haya. Akazungusha. Nesi akalia, naye hakuacha. Akampapasa kifundo cha mkono: mshipa kimya.

"Ukirudi nakuoa," alisema. "Unasikia? Naogopa, mpenzi. Naogopa sana."

"Hata mimi naogopa." Nesi akamfuta machozi kwa mkono ule mzima. "Haya, fungua sasa, mume wangu. Nakufa ganzi."

Lakini fundi aliogopa kufungua, kana kwamba mkanda ukilegea tu, nesi ataondoka.