Mguu wa Kushoto Ulioelekea Laga

Sogeeni karibu, na aliye mlangoni aufunge, maana hii si habari ya kusikiliza mgongo ukiwa wazi.

Gari la Khadro lilikuwa na adabu zake. Miaka sita lilibeba wajawazito kutoka Kakuma mpaka hospitali ya Lodwar, na hata Khadro alipoachia usukani kidogo atengeneze mtandio, lilienda moja kwa moja kama punda anayejua kwao. Kisha likavikwa matairi manne mapya kwenye gereji moja ya Lodwar, kwa fundi aitwaye Odongo. Siku hiyo hiyo likaanza kuvuta kushoto.

Kidogo tu. Kama mtoto anayekushika kidole sokoni akitaka kukuonyesha kitu.

Akarudi kwa Odongo. Odongo akapima upepo, akakagua magurudumu yote, akajifuta mikono.

"Mama Ugbad, hii gari iko sawa. Labda ni barabara."

"Barabara nimepita miaka sita. Leo ndiyo imejifunza kunivuta?"

Safari ya pili akagundua kwamba gari lilivuta zaidi mahali pamoja, kwenye laga ya tatu ukitoka Kakuma, ule mto wa mchanga ambao ukiona maji yake mara mbili kwa mwaka umebahatika. Ilikuwa miezi saba haijanyesha. Lakini pale ndani ya gari kulinuka matope mabichi, na chini ya mguu wake wa kushoto akasikia chwa, chwa, chwa, kama mtu aliyevaa ndala zilizolowa anayekimbia sambamba na gari.

Khadro hakumwambia mtu. Bintiye Ugbad, mtoto wake pekee aliyebaki hai, alikuwa na mimba ya miezi tisa, na mkunga alikuwa amesema mtoto amelala vibaya, huyu lazima akazalie Lodwar.

"Hooyo, mama yangu, tukodi gari lingine," Ugbad akanong'ona, kwa kuwa naye alishainusa ile harufu.

"Na wasichana wa watu niwabebe na hili? Gari nisilompandisha mwanangu, sipandishi mwana wa mtu."

Asubuhi moja akaja Nanok, jirani mchunga mbuzi, mtu anayeweza kukuambia kwa unyayo tu kwamba mbuzi aliyepita ni wako, na kwamba anachechemea.

"Ejok, Mama Ugbad."

"Ejok, Nanok. Mbona huingii?"

Nanok alikuwa amechuchumaa nje ya lango, pale gari lilipokata kona na nyayo za magurudumu zikaachana kila moja peke yake.

"Hii gari yako inaenda wapi?"

"Imetoka Lodwar jana. Imeshafika."

"Miguu tatu imefika," akasema Nanok polepole. "Moja iko njiani, inarudi."

Akamwonyesha. Meno ya matairi yalikuwa yamechora mishale mchangani. Mishale ya magurudumu matatu ilitazama nyumbani. Ya gurudumu la kushoto mbele ilitazama nje, kwenye laga.

"Fundi amelifunga kinyume," Khadro akasema. Jioni wakaligeuza, Nanok akakaza nati kwa uzito wake wote. Asubuhi mishale ya tairi lile ilikuwa imegeuka tena, na nati zilikuwa na matope mabichi.

Khadro akapiga simu. "Odongo, hili la kushoto mbele ulilitoa wapi?"

Odongo akateremsha sauti.

"Mama... tatu ni za duka. Hiyo moja nilifungua kwa gari iliyobebwa na mafuriko, laga ya tatu. Ilikuwa mpya kabisa! Dereva hakuonekana. Nikasema, sasa yeye ataifanyia nini?"

"Gari lile lilikuwa na miguu minne, Odongo. Mingine mitatu ulimfungia nani?"

Simu ikakatika.

Kabla hajaliondoa lile tairi, uchungu ukamshika Ugbad. Nanok akamtia Khadro tumbaku mkononi. "Kwetu, aliyekufa hapitwi mikono mitupu."

Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama utosini na hakuna kitu chenye kivuli, walipoifikia laga ya tatu, na harufu ya matope ikaja kwanza, kisha zile ndala, chwa chwa chwa, zikawa hazikimbii tena nje bali ndani ya gurudumu lenyewe, na kwenye kioo kikavu cha upande wa Ugbad kukatokea kiganja cha maji, vidole vitano vikiteremka taratibu, na usukani ukaanza kuzunguka kushoto mikononi mwa Khadro huku sauti ikipanda kutoka chini ya sakafu, sauti ya mtu mwenye mchanga kooni, ikisema, nimechoka kuruka kwa mguu mmoja, niachie mtu mmoja anibebe.

"Hooyo," akanong'ona Ugbad, "anasema nini?"

"Usimtazame."

Khadro akaacha kushindana na usukani. Akauzungusha yeye mwenyewe, kushoto kabisa.

"Unataka laga? Haya! Leo nakupeleka mimi!"

Akaliteremsha gari mchangani, akashuka na jeki. Alifungua nati moja baada ya nyingine huku akifoka.

"Nilivuka mpaka kwa miguu, bunduki nyuma yangu, huyu msichana mgongoni. Wewe una mguu mmoja, unitishe mimi? Aliye garini ni wangu, na aliye tumboni mwake ni wangu. Sina wa kukuachia! Uliibiwa, kweli. Lakini mwizi si mimi."

Akalichomoa gurudumu zima, akalibingirisha mchangani, akaitupa tumbaku juu yake.

"Mguu wako huu hapa. Tembea!"

Gurudumu lililokuwa limelala likajiinua. Likasimama wima kidogo, kama mtu anayekumbuka njia. Kisha likaondoka, likipanda mkondo, likiacha mstari wa maji katika mchanga mkavu.

Khadro akafunga la akiba. Gari likaenda moja kwa moja mpaka Lodwar, na kabla ya alasiri Ugbad akajifungua msichana aliyelia kwa hasira kama bibi yake.

Waliporudi, Nanok alikuwa anawangoja. Alikuwa amekwenda kusoma mchanga. Unyayo wa tairi moja ulikuwa umetoka lagani, hakuna mguu wa mtu kando yake, ukapanda barabarani kuelekea Lodwar. Gereji ya Odongo haijafunguliwa tangu siku ile. Waliochungulia dirishani wanasema sakafu yake imejaa matope, na hayakauki.

Ile miguu mingine mitatu ya marehemu bado iko barabarani, chini ya magari ya watu. Basi gari lako likianza kuvuta, ukasikia harufu ya mvua isiyonyesha, usilie wala usikimbie. Simama, shuka, usome nyayo zako. Toa jeki. Mwambie mguu wake huu hapa, na wewe una safari.