Mguu wa Kulia wa Redio

Kila alasiri, masomo yakiisha, msichana aliyeitwa Najua alivua sare ya shule, akafunga aproni na kuingia katika karakana ya shangazi yake. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alijipatia kwa kinywa chake mwenyewe, maana hukumaliza kumwambia jambo kabla hajakujibu, "Najua."

Shangazi alikuwa fundi viatu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, kikinuka ngozi na gundi, na ukutani vilining'inia vibao vyembamba vya kupimia watu ambao mguu mmoja umepungua urefu. Watu hao walitoka mbali kumfuata, kwa kuwa soli alizowanyanyulia ziliwawezesha kutembea wima bila kuumwa kiuno.

Jumatatu moja Najua aliingia amenuna.

"Nani tena kakuudhi?" Shangazi akauliza bila kuinua uso. Alikuwa ameibana soli mpya kwa mikono miwili, akingoja gundi ishike.

"Mwalimu wa sayansi. Tumechora mwili wa mtu, akaniwekea kosa kwenye moyo. Eti nimeupeleka kwenye ini!"

"Uliuweka wapi?"

"Kushoto. Nani asiyejua kwamba moyo huelekea kushoto?"

"Kushoto kwako wewe uliyeshika penseli, au kushoto kwake yeye aliyechorwa? Mtu wa kwenye picha anakutazama, mwanangu. Mkono wako wa kushoto unaelekeana na wake wa kulia. Ndiyo maana nimekwambia, ukipima mtu hapa, kabla hujataja upande, mguse mguu, umwulize mwenyewe..."

"Najua, shangazi."

Shangazi akashusha pumzi. "Hiyo najua yako itanitoa roho."

Mara baiskeli ikasimama mlangoni, na mvulana akateremshwa kutoka kiti cha nyuma. Alisoma darasa moja na Najua, nao wenzake walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mwaka uliopita alivunjika mfupa wa paja. Mfupa uliunga, lakini uliunga mfupi.

"Shikamoo, shangazi! Nimeleta viatu vyangu vipya. Ijumaa mimi ndiye mbeba bendera kwenye gwaride la shule."

"Marahaba. Nikiachia soli hii itakwenda upande. Najua, mpime mwenzako, kisha unitajie."

Najua akapiga magoti mbele ya Redio. Akapenyeza kibao kimoja kimoja chini ya wayo wa mguu mfupi, huku akiitazama mifupa ya nyonga mpaka ikalingana. Kazi hiyo aliiweza vizuri. Redio naye hakufunga kinywa.

"Mwalimu mkuu kasema mbeba bendera asimame kama mlingoti. Mimi nasimama kama mlingoti uliogongwa na lori! Babu yangu anakuja kunitazama, na ngoma zitapigwa..."

"Vibao vitatu!" Najua akapaza sauti.

"Mguu upi?"

Mguu ule ulielekeana na mkono wa kushoto wa Najua. Hakuugusa, wala hakuuliza. "Kushoto!"

Redio alikuwa amekwisha kufika kwenye ngoma, akizipiga kwa mdomo, hata hakusikia.

Alhamisi alasiri alirudi kuvijaribu. Kiatu kilichonyanyuliwa kilikuwa kimeshonwa nadhifu. Redio akavaa vyote viwili, akasimama, na papo hapo akaegemea upande mmoja hata akashika meza asianguke.

"Shangazi," akasema, "kiatu hiki kinautafutia mguu wangu mzima ajali yake."

"Mguu wako mfupi si huu wa kushoto?"

"Ni wa kulia! Tangu siku ile nilipoanguka haujahama."

Shangazi akavua miwani. Akakitazama kiatu, akamtazama Najua. "Wewe uliniambia kushoto."

Uso wa Najua ukawaka moto. "Nilisema kulia, shangazi. Labda... labda mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inapiga kelele."

Alitazamia kelele. Shangazi hakugomba. Aliketi juu ya kigoda, akaikunja miwani yake polepole.

"Basi masikio yangu yamezeeka," akasema. "Juzi nilimgombeza mteja kwamba anasema chinichini, kumbe ni mimi. Fundi asiyesikia kipimo atamlemaza mtoto wa mwenzake. Viatu vya namna hii sivishoni tena." Akasimama, akaanza kuviondoa vibao ukutani na kuvitia katika gunia. "Mwanangu, nenda ukamwambie mwalimu amtafute mbeba bendera mwingine. Nisamehe sana."

Redio akaketi, akaanza kulegeza kamba za viatu. Karakana ikawa kimya, na kimya hicho kilimchoma Najua kuliko kofi. Alijua wale watu wanaotoka mbali. Sasa wangefika na kukuta ukuta mtupu.

"Shangazi, acha vibao." Najua akalishika gunia. "Masikio yako hayana kasoro. Nilisema kushoto. Sikumgusa wala sikumwuliza. Nilitaja upande wangu mimi."

Kibao kikaanguka sakafuni.

"Kumbe!" Shangazi akafoka. "Nimesema hata ulimi umeota sugu! Mguse, mwulize, ndipo utaje! Mwalimu naye kakufundisha siku ileile! Ukakosea moyo wa karatasi, usitosheke, ukaja kukosea mguu wa mtu! Na juu ya hayo unaniacha nijione kiziwi!"

"Nisamehe, shangazi."

"Msamaha baadaye. Shika patasi, ubandue soli hii. Nawe, Redio, rudi usimame hapa. Atakupima upya, na safari hii nataka kusikia kila kiungo."

Najua akapiga magoti. Akaugusa mguu. "Huu ni wako wa wapi?"

"Wa kulia."

"Nyonga ya kulia," Najua akataja kwa sauti, mkono ukishuka. "Paja. Goti. Ugoko. Kifundo. Kisigino. Wayo wa kulia, vibao vitatu."

"Na kidole gumba ni changu pia," Redio akaongeza, "wasije wakampa mtu mwingine." Shangazi akageuka upande ili wasimwone akicheka.

Wakafanya kazi mpaka jua likakaribia kuzama. Shangazi alikata na kushona. Najua alibandua soli ya zamani na kusugua mpya kwa msasa, mpaka ncha za vidole zikamwasha.

Ijumaa, ngoma zilipoanza, Redio alitangulia gwaride akiwa ameishika bendera kwa mikono miwili. Nyonga zake zilikaa sawa. Alipopita mbele ya babu yake aliyekuwa akifuta macho, hakugeuza shingo.

Shangazi, aliyesimama na Najua penye ua wa shule, alizitazama hatua zake kadhaa. Kisha akasema, "Kukosea upande lilikuwa kosa la kazi, na kosa la kazi tumelibandua jana kwa patasi. Uongo wako ungefunga karakana, na uongo haubanduliwi ila na yule aliyeusema. Kwa kuwa uliubandua mwenyewe, vibao nimevirudisha ukutani. Lakini shika na hili: mwili una mwenyewe. Ukitaka kuutaja, hesabu kulia na kushoto kwa upande wake, siyo wako. Daktari akikosea hilo atapasua mguu mzima, aache ulio mgonjwa. Tena, liko jambo moja zaidi ambalo..."

"Naj..." Najua akalimeza neno. Akamgeukia shangazi yake.

"Niambie, shangazi. Nasikiliza."