Wifi Yangu Aliniomba Ruhusa ya Kutoka Bondeni

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, na ninaishi nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Ninayoyaandika hapa mume wangu anayajua na mama mkwe wangu anayajua... lakini sijawahi kuyasema yote kwa pamoja.

Nilikuwa msimamizi wa shamba la mapapai na pilipili hoho kwenye bonde la mto Ruvu. Mwenye shamba, ambaye sote tulimwita Bosi, anakaa Dar es Salaam. Alikuwa akija mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote aliagiza kwa simu, nami nikawafikishia vibarua. Walikuwa tisa. Mmoja wao alikuwa wifi yangu Zuhura, mdogo wake mume wangu. Mimi ndiye niliyemwingiza kazini alipoachika.

Masika ile mvua ilinyesha wiki nzima. Alhamisi asubuhi mwenyekiti wa kijiji alipita na kipaza sauti, akitangaza kuwa maji mengi yanashuka kutoka juu na kila mtu atoke bondeni. Majirani zetu waliondoka. Tuliwaona wakipanda, majembe mabegani.

Mtandao ulishika mlimani tu. Nilipanda nikampigia Bosi.

"Kila mwaka wanatangaza hivyo," akaniambia. "Pandisheni pampu kwanza. Zikichukuliwa na maji, wewe ndiye utakayenieleza. Anayetaka kuondoka, aondoke moja kwa moja, asirudi kazini."

Nilishuka, nikawaambia kama nilivyoambiwa. Hakuna aliyebisha. Nani angebisha, na kazi zenyewe zilivyo shida?

Pampu zilikuwa nne, zote kando ya mto. Tulipofika kwenye ya tatu, Zuhura alinijia, kanga imelowa hadi kiunoni.

"Wifi, maji yamegeuka rangi, na yanabeba magogo. Naomba niende."

"Nikikuruhusu wewe watasema nakupendelea," nikamjibu. "Zimebaki mbili tu. Vumilia kidogo."

Aliniangalia. "Haya, wifi," akasema, akarudi mtoni.

Mimi nikapanda tena mlimani kumweleza Bosi tulipofikia... Ndiyo, ndugu zangu. Maji yalipofika, mimi nilikuwa juu, simu sikioni.

Bonde lilijaa mara moja. Vibarua wanane walikimbilia banda la kufungashia mazao, wakapanda juu ya paa. Zuhura alikuwa mbali nao, bado anafungua bomba la pampu. Niliiona kanga yake ya njano ikizunguka mara moja, kisha sikuiona tena. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Kuogelea sijui. Ningefanya nini?

Alasiri wavuvi walileta mtumbwi, wakawashusha wale wanane. Zuhura alipatikana siku ya tatu, kwenye matete, mbali chini ya mto. Tulimzika Mbegani kwa wazazi wake.

Bosi alikuja matangani na magunia ya mchele. Alikaa jamvini na wanaume, nami upande wa wanawake nikamsikia akisema taratibu, "Mimi niliwaambia watoke. Msimamizi ndiye aliyewabakisha."

Nilitaka kusimama. Lakini ningesema nini, wakati kila kibarua alisikia amri ile kutoka kinywani mwangu?

Baadaye nilikwenda kwa ofisa wa kazi. Alinisikiliza kwa adabu. Akauliza kama nina mkataba. Sina. Kama kuna maandishi ya Bosi. Hakuna. Kama yupo aliyemsikia Bosi mwenyewe akisema. Hayupo.

"Mama, wote walikusikia wewe," akasema.

Mume wangu aliniuliza jambo moja tu, baada ya hitima.

"Zuhura alikuomba kuondoka?"

Nikasema ndiyo.

Aliinua birika akaenda kutawadha. Hajauliza tena hadi leo. Hakuniacha. Anakula ninachopika, ananijibu nikimsemesha. Mama yake nikimwamkia shikamoo, anaitika marahaba huku anaangalia pembeni. Kuna siku natamani wanitukane, nijue nilipo nao... Wapi nitakwenda kuomba radhi, na niliyemkosea yuko kaburini?

Nanyi wenye mashamba na viwanda, mtu mliyemwajiri yuko mikononi mwenu mvua inaponyesha, hata kama ninyi mmelala pakavu mjini. Lakini najua wengi wenu hamtasoma haya. Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wenzangu: mkisikia tangazo la hatari, msipige simu kuuliza. Watoeni watu kwanza, wote, na simu mpige mkiwa nao juu. Nawe kibarua, ukiona maji yanapanda usimwombe mtu ruhusa. Nenda.

Bosi alikuwa Dar, hakuyaona yale maji. Mimi niliyaona. Ningemwambia Zuhura neno moja tu, "nenda," angekuwa hai.