Mstari wa Nne

Jumanne ile Tseng Yu-hua alifika kazini kama kawaida, akanywa maziwa yake ya soya na kuwasha kompyuta. Alikuwa fundi wa zahanati ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo mjini Douliu. Kengele za hatari za mashine kumi na mbili ziliongozwa na kompyuta moja kuukuu yenye mfumo wa Linux. Programu yake ilikuwa na kasoro. Siku iliyotangulia kengele ilinyamaza na mzee mmoja akanusurika kufa. Toleo jipya lilikuwepo, ila lilidai vipande ambavyo mfumo ule wa zamani haukuwa navyo.

Akamwandikia Bwana Ku, aliyejitolea miaka mingi kurekebisha programu mpya zikubali mifumo ya kale. Jibu likaja maziwa hayajaisha.

"Weka hii, dada. Wagonjwa wako wasikuhangaishe."

Akaiweka. Kengele zikalia sawasawa.

Jumamosi akanunua keki za nanasi, akapanda treni hadi Changhua kumshukuru. Mkewe ndiye aliyefungua mlango.

"Mume wangu tulimzika mwaka juzi," alinong'ona. "Kompyuta zake nilizitupa."

"Lakini Jumanne kaniandikia, mama. Nimekuja kumshu…"

Mjane akamziba mdomo kwa kiganja.

Ndani, vitufe vilikuwa vikigongwa. Haraka haraka. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, jua limejaa. Hakukuwa na mtu. Hata meza haikuwemo.

Vitufe vikanyamaza.

"Ashakusikia," mjane akasema. "Nenda, mwanangu."

Jumatatu Yu-hua akafungua faili la programu ile, lenye orodha ya vitu inavyohitaji ili ifanye kazi. Mwanzo vilikuwa vitatu. Sasa vilikuwa vinne. Cha nne kilikuwa jina kamili la Yu-hua mwenyewe.

Akalifuta.

Mashine zote zikazimika.

"Mwanangu, mbona kimya?" bibi mmoja akauliza kitini, damu yake ikiwa imesimama kwenye mpira.

Akalirudisha. Zikawaka.

Miaka sita imepita. Yu-hua, jirani yangu, amekataa kazi mbili nzuri za Taipei, na hajalala nje ya Douliu hata usiku mmoja. Juzi alinionyesha orodha ile. Jina lake bado lipo. Chini yake umeanza mstari wa tano. Una herufi moja tu, nayo ndiyo inayoanza jina la binti yake.