Ngozi Niliyopewa na Bibi Agata

Nina umri wa miaka arobaini na saba, ni mjane na mama wa watoto watatu. Naishi Endagikot, jirani na mji wa Mbulu. Kwa miaka sita nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo, na somo nililopenda kulifundisha kuliko yote lilikuwa namna ya kumpinga shetani. Wasomaji wenzangu, msinicheke. Nililijua vizuri sana... kwa mdomo.

Sali kabla hujatoa mguu nje, nilikuwa nawaambia. Funga Ijumaa. Weka maji ya baraka mlangoni. Na mimi mwenyewe niliyafanya yote hayo, hata wiki ile niliyomwiba ndama.

Mume wangu alipofariki aliniacha na watoto wadogo na zizi tupu. Mama Yosefu, mke wa binamu yake, alinionea huruma akaniletea ng'ombe jike nimtunzie. Huku kwetu ni jambo la kawaida. Anayetunza anapata maziwa na samadi, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ndama akifa, unamchuna na kumpelekea mwenyewe ngozi, aone kwa macho yake. Na ukitunza vizuri kwa miaka mingi, mwenye ng'ombe anakupa mtamba mmoja awe wako, nawe uanze zizi lako.

Mama Yosefu aliniahidi hivyo kwa kinywa chake. Ndama jike wa kwanza alipokua, akamchukua. Wa pili akampeleka kwenye mahari ya mwanawe. Nilitabasamu, nikampikia chai, nikamsindikiza hadi barabarani. Lakini moyoni... jamani!

Kinyongo kile nilikilea kuliko nilivyomlea ng'ombe mwenyewe. Kila asubuhi nikikamua nilijisemea: nastahili. Neno hilo lilikuwa tamu. Nilikwenda nalo kanisani na kurudi nalo. Shetani niliyekuwa nawaeleza watu kwamba anakuja kwa kishindo, kumbe alikuwa ameketi nami pale kwenye kigoda, ananisikiliza.

Ndama jike wa tatu alizaliwa mwekundu mtupu, mzuri wa kupendeza. Alipoacha kunyonya nikaamua. Kaka yangu wa Gendabi, kule Hanang, alikuja na pikapu kuleta mbegu. Nikamwambia hatimaye nimepewa ndama wangu, naomba anichungie kwa kuwa huku malisho ni haba. Alifurahi kwa ajili yangu. Walipoondoka alfajiri ile, nilishika rozari nikamshukuru Mungu. Hebu fikiria, nilimshukuru Mungu.

Ikabaki ngozi. Na hapo ndipo anapoingia bibi Agata.

Bibi Agata ni kikongwe anayeishi peke yake mtaa wa pili kutoka kwangu. Siku chache kabla ya hapo ndama wake alikuwa amekufa kwa kuvimba tumbo. Alikuwa mwekundu kama wangu, maana dume lao ni moja. Nilikwenda kumpa pole, nikaiona ngozi imewambwa uani. Nikamwambia mwanangu wa mwisho analala vibaya, ngozi ingemfaa. Akaing'oa vijiti palepale kwa mikono yake inayotetemeka, akanikunjia.

"Chukua, mwanangu," aliniambia. "Mimi ya nini? Mtoto asilale kwenye baridi."

Nikaibeba hadi kwa Mama Yosefu, nikamwambia ndama amekufa.

Nilitegemea atanuna. Badala yake alikaa chini akalia. Akaniambia huyo ndiye aliyekuwa amenipangia. Alikuwa anasubiri tu aachishwe vizuri, anikabidhi mbele ya jumuiya nzima, kwa sababu aliona aibu ya ile miaka aliyonichelewesha. Nilikuwa nimeiba ndama wangu mwenyewe!

Ningesema pale pale. Ningepiga magoti, tungelia wote wawili, yangeisha. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu, nami naikumbuka mpaka leo, nakumbuka hata kuku waliokuwa wanapita mlangoni. Lakini Mama Yosefu akaniuliza, "Nani amekufanyia hivi, Mama Neema? Ndama mzima afe ghafla?"

Niliogopa. Nikatafuta neno lolote la kunitoa pale, nikasema ndama alipita kwenye ua wa bibi Agata, akarudi anatoka povu.

Basi. Sikusema zaidi ya hapo. Jumapili ile ile wanawake wawili walihama benchi bibi Agata alipokaa. Wiki iliyofuata mtu akakumbusha kwamba hata ndama wa bibi mwenyewe alikufa, na mwingine akaeleza kwamba wanaofanya mambo hayo hutanguliza wa kwao kwanza. Watoto wakakatazwa kupita kwake. Kisimani wenye ndoo walimpisha, siyo kwa heshima, bali wasiguswe na kivuli chake. Mimi nikaona yote hayo na kila siku nikasema, kesho nitaongea. Lakini kila kesho iliyofika, kilichotakiwa kusemwa kilikuwa kizito kuliko cha jana.

Kisha jumuiya ikaamua twende kusali nyumbani kwa bibi Agata, kumfukuza shetani. Na nani aongoze? Mwenyekiti, mwalimu wa somo lile.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, watu kama ishirini. Mama Yosefu alikuja na ngozi, akaitandika chini uani ili inyunyiziwe maji ya baraka. Bibi Agata alitoka akishika fimbo. Tukamwamkia shikamoo kwa sauti za chini, akaitikia marahaba kwa kila mmoja, kama vile tumekuja kumtembelea. Halafu akaiona ngozi. Akainama, akapitisha kidole penye paja la ngozi ile.

"Hii ni ya ndama wangu," alisema. "Kovu hili ni la seng'enge, nilimpaka mafuta mwenyewe. Ngozi hii nilimpa Mama Neema."

Watu wakaguna. Mmoja akasema ni shetani anaongea. Mama Yosefu akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli.

Wasomaji, ua ule una lango moja tu, na watu walikuwa wamejaa langoni. Mbele yangu bibi, nyuma yangu jumuiya, miguuni ngozi. Nilisema, "Sijui anasema nini."

Bibi Agata akavuta kigoda akaketi, akakunja mikono apokee maombi. Nami nikaomba! Nikataja jina la Yesu juu ya kichwa cha mwanamke yule, nikamwamuru shetani atoke kwake, huku nikijua kabisa amekaa wapi.

Tangu siku hiyo sala ilinikatalia. Nikisema Baba Yetu, nikifika kwenye kusamehewa makosa, narudi mwanzo. Niliongeza mfungo, nikaongeza rozari. Nani angenisaidia wakati niliyekuwa namficha ni mimi? Kaka akinipigia simu kunieleza mtamba anavyonenepa, nilikata haraka. Sikuweza kumrudisha, maana wangemwona. Sikuweza kumuuza, maana kaka angeuliza. Wala sikuweza kuacha uenyekiti, maana wangetaka sababu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikienda shambani nilisikia mbuzi wa bibi Agata wakilia, siyo kilio cha kawaida. Nilipita, nikarudi, nikaingia. Alikuwa ameanguka kando ya jiko, amelala hapo tangu juzi yake. Siku mbili nzima! Nani angemwona, wakati nimewafundisha watu wote kuzunguka mbali na nyumba yake?

Nilipomnyanyua aliuliza kama mbuzi wamekunywa maji.

Alipona, ingawa mguu mmoja haukurudi sawa. Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya jumuiya nikasema yote, tangu kigoda cha kukamulia hadi lango lile. Sikuomba kuhurumiwa. Mama Yosefu hakuninyanyulia sauti. Alisema tu, "Ungeniambia siku ile, Mama Neema," kisha akaondoka. Uenyekiti nikavuliwa, na ilikuwa haki. Mtamba alirudishwa kutoka Gendabi, na kwa neno la Mama Yosefu yuko zizini kwa bibi Agata. Ngozi nayo akarudishiwa mwenyewe.

Mnadhani yaliishia hapo? Hata mimi nilidhani. Lakini wapo ambao hadi leo hawapiti kwa bibi. Wanasema mtamba aliyeletwa ni mwingine, na kwamba bibi amenitisha nikakiri uongo ili nimsafishe. Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza, wananikaribisha chai, wananisikiliza, hawaniamini. Nilipodanganya mara moja waliniamini wote. Sasa nasema kweli kila siku.

Ndugu zangu Wakristo, siwazuii kufunga wala kuweka maji ya baraka. Fanyeni. Lakini kinyongo kikianza kukuambia unastahili, nenda kamwambie mhusika siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Na ukishadanganya, rudi kabla hujafika nyumbani. Mimi nilichelewa kwa hatua chache tu, pale mlangoni penye kuku, na aliyelipa ni mwingine. Nawasihi, msipite nilikopita.

Siku hizi kila Jumamosi, wenzangu wakiwa kwenye jumuiya, mimi namchotea bibi Agata maji na kumkamulia yule mtamba, ambaye sasa amezaa. Bibi amenisamehe, alinitamkia mwenyewe. Nikimaliza kazi ananilazimisha nipumzike kidogo kabla ya kuondoka. Anajikokota hadi ndani, anatoka na ile ngozi, ananitandikia nikae.