Hodi Tatu za Shaibu

Kwa jina la Mola, asikiaye bila ya mlango wala mjumbe, kisa hiki kinaanza.

Katika Tanga ya karne ijayo palikuwa na mtambo ulioitwa Bawabu, mpokezi wa barua za umeme za mji mzima. Bawabu hakulala. Alitega masikio kwenye malango elfu kwa wakati mmoja. Chombo cha mtu kilipobisha, alimuuliza mbishaji jina na neno la siri, akafungua sanduku lake, akatenga barua mpya na zilizokwisha somwa, kisha akamkabidhi; asiyefunguliwa hakupokea barua wala hakutuma.

Wenye kisa ni watatu: Bi Mwanahawa, mgonjwa wa moyo; bintiye Saumu, mhandisi aliyemuunda Bawabu; na kitindamimba Shaibu, aliyepanda merikebu ya kwanza ya Mirihi bila ya kumuaga mama yake.

“Hajaandika?” aliuliza Bi Mwanahawa, kama alivyouliza jana na juzi.

“Bado, mama. Labda kazi zimemzidi.”

“Kazi gani, ya kukaa kitako ndani ya bati? Mtetee tu, umeanza tangu angali anatambaa.”

“Basi tumwandikie sisi.”

“Aliyeondoka bila kuaga ndiye abishe hodi.”

Saumu aliswali alasiri. Mama alikuwa akipumua kwa vituo. Akaketi kando ya kitanda, akasimama, akaketi tena; mwishowe akaifungua daftari ya Bawabu, ilimoandikwa kila hodi.

Alikuwa amemfunza mtambo ule adabu za nyumbani kwao: hodi ni tatu, na asiyejitambulisha baada ya ya tatu huhesabiwa amekwenda zake. Kila hodi aliipa nusu dakika. Hata wakaao mwezini iliwatosha na kusalia.

Daftari ilionyesha kwamba kila siku, baada ya alasiri, mtu alibisha mara tatu kutoka upande wa Mirihi, hakutaja jina, akafungiwa. Lakini ndani ya kapu la majibu yaliyochelewa, ambalo hakuna aliyelitazama, jina lilikuwa limejirudia: Shaibu. Shaibu. Shaibu.

Merikebu sasa ilikuwa mbali: swali la Bawabu lilisafiri dakika tisa kumfikia Shaibu, na jibu dakika tisa kurudi. Siku zote mlango ulikuwa umekwisha fungwa.

Saumu aliugeuza muda wa kungoja ukawa saa nzima. Hapo hapo hodi ya siku ile ikaingia, na Bawabu akauliza jina.

“Mama, amekuwa akibisha kila siku. Mimi ndiye niliyemfungia.”

Bi Mwanahawa alimgeukia. “Kila siku?”

“Kila siku, mama.”

“Kumbe.” Akavuta pumzi. “Usingoje aseme anachotaka. Weka sauti yangu sandukuni mwake. Shaibu, radhi zangu unazo, tangu maziwa niliyokunyonyesha. Na wewe Saumu, acha kuzunguka, wanitia kizunguzungu.”

Saumu akaiweka ile sauti, akaketi, akamshika mkono. Dakika ya tano ikapita, na ya kumi. Katika ya kumi na nne mkono ule ulilegea, naye Saumu akamtamkia mama shahada sikioni.

Ilipotimu ya kumi na nane, taa ya lango ikawaka. Shaibu alikuwa ametaja jina lake na neno la siri. Bawabu akayapokea, akafungua sanduku, akakuta humo barua mpya moja, akaituma.

Saumu hakuizuia. Ilikuwa na safari ya dakika tisa, na mpaka habari ya msiba imfuate, Shaibu alikuwa bado na mama.

Mola amrehemu aliyetangulia, na awape subira waliobaki, wa ardhini na wa mbali, wala asiwafungie mlango wake wachelewao kujibu. Amin.