Mji Uliomteka Ornella

Rafiki yangu Ornella, muuguzi wa hapa Torino, alikwenda Genova, kule pwani, wikiendi moja tu, akaupenda mji ule kama kichaa. Jumapili mchana alikuwa ameshapata nyumba ya kupanga. Akampigia simu mumewe.

"Ruggero, tuhamie huku!"

"Kisa samaki wa kukaanga? Basi chagua, mimi au huo mji wako."

"Bahari hainuni kama wewe," akamjibu, akakata simu.

Akaenda kuchukua funguo. Jengo lilikuwa kwenye kichochoro kisichofikiwa na jua hata adhuhuri. Alipofika katikati ya ngazi, taa ikazimika. Huko juu akasikia sanduku likiburutwa, likigonga kila ngazi, du, du, na mwanamke akilia kwa kwikwi.

"Pita, dada," Ornella akasema, akijibana ukutani.

Mwanamke akapita, koti lake likamgusa mkono. Akasema kwa uchungu, "Ruggero hapokei simu zangu tena."

Taa ikawaka. Ngazi zilikuwa tupu, juu na chini. Na sauti ile, Ornella ananiapia mpaka leo, ilikuwa yake mwenyewe.